Programu ya C inasema mtu hayumo kundini, komandi ya id inasema yumo. Nani mkweli?

#1 Msafiri_Arua

Wakuu, habari za Jumatatu. Nina swali la C, na naomba anayetaka kuniambia "tumia Python" apumzike. Hilo nimeshaambiwa na ofisi nzima.

Nahudumia seva ya SACCO moja hapa Kampala. Ni Ubuntu, kila mtu anaingia kwa SSH kutoka mezani kwake. Nilikuta programu ndogo ya C inayochapisha ripoti ya mikopo. Kabla ya kuchapisha inajiuliza kama mtumiaji yumo kwenye kundi la `wahasibu`. Akiwemo, karatasi inatoka. Asipokuwemo anaambiwa "Huna ruhusa" na mambo yanaishia hapo. Aliyeiandika aliondoka zamani na simu hapokei.

Kazi yote ya ukaguzi ni hii (majina ya watu nimebadilisha):

```c
int yumo(const char *jina)
{
    struct group *g = getgrnam("wahasibu");
    for (char **m = g->gr_mem; *m != NULL; m++)
        if (strcmp(*m, jina) == 0)
            return 1;
    return 0;
}
```

Okello anachapisha bila tatizo. Nakato, ambaye ndiye mhasibu mkuu, anakataliwa. Nikiuliza mfumo wenyewe:

```
$ id nakato
uid=1003(nakato) gid=1005(wahasibu) groups=1005(wahasibu)
```

Nimeweka printf ndani ya kitanzi, linatoka jina moja tu: okello. Sasa nimwamini nani? Na nyabo Nakato mwenyewe ananisubiri mlangoni na ripoti ya mkutano.

#2 Ntinda_Usiku

Tupe majibu ya komandi hizi mbili, zinazosoma kumbukumbu za mfumo: `getent passwd nakato` na `getent group wahasibu`. Nadhani najua kitakachotoka.

#3 Msafiri_Arua

```
nakato:x:1003:1005::/home/nakato:/bin/bash
wahasibu:x:1005:okello
```

#4 Mama_Terminali

Kaka, hapo wote wawili ni wakweli. Umewauliza maswali tofauti.

Tazama mstari wa Nakato. Sehemu ya nne ni 1005. Hilo ndilo kundi lake la msingi, na limeandikwa kwenye kumbukumbu za mtumiaji, si za kundi. Sasa tazama mstari wa kundi: jina, nywila (ile x), namba ya kundi, halafu orodha ya wanachama. Orodha hiyo ndiyo `gr_mem` anayoisoma mwandishi wako. Humo wanaandikwa walioongezwa kundini juu ya kundi lao la msingi. Nakato hakuongezwa na mtu. Akaunti yake ilipofunguliwa, fundi alitumia `useradd -g wahasibu nakato`, basi akaingia moja kwa moja. Okello ana kundi lake mwenyewe kama Ubuntu inavyompa kila mtu, kisha akaongezwa kwa `usermod -aG`.

Ni kama ukoo, ssebo. Muganda anazaliwa ndani ya ukoo wa baba yake, hakuna anayepita na daftari kumwandikisha. Lakini SACCO lazima ujiandikishe. Ukitafuta ukoo wa mtu kwenye daftari la SACCO utaondoka mikono mitupu.

Mgawanyo huu una historia yake. Unix ya zamani ilimpa mtu kundi moja kwa wakati mmoja, na akitaka jingine alihama kwa `newgrp`. Ndiyo maana hata leo mstari wa kundi una nafasi ya nywila, ambayo karibu hakuna anayeitumia. Makundi mengi kwa pamoja yaliletwa na 4.2BSD, Unix ya Chuo Kikuu cha Berkeley, mwaka 1983. Mfumo wa zamani haukubomolewa, mpya ulijengwa ubavuni mwake, na sisi tunaishi katika nyumba zote mbili.

Kwa hiyo anayesoma `gr_mem` peke yake anapata nusu ya jibu. Mbaya zaidi, `getgrnam` ikirudisha NULL, programu yako inaanguka pale pale kwenye `g->gr_mem`. Siku mtu akibadilisha jina la kundi, hutaona "Huna ruhusa", utaona "Segmentation fault".

#5 kijana_gulu

Mnazunguka sana. Fungua `/etc/group` kwa fopen, soma mstari kwa mstari, kata kwa strtok kwenye nukta mbili. Halafu fanya hivyo hivyo kwa `/etc/passwd`. Mistari ishirini, kazi imekwisha, na hutegemei mtu.

#6 Ntinda_Usiku

Kijana, subiri kidogo.

Moja, `strtok` inameza nukta mbili zinazofuatana kana kwamba ni moja. Ukikuta `wahasibu::1005:okello`, nywila ikiwa tupu, unachodhani ni nywila kitakuwa 1005, na unachodhani ni namba ya kundi kitakuwa okello. Mstari ni halali kabisa, wewe ndiye utakayekosea.

Halafu nimeona watu wakitafuta jina kwa `strstr` kwenye orodha ya wanachama. `okello` anapatikana ndani ya `okello2`. Hapo umempa ruhusa mtu mwingine.

Kubwa kuliko yote, `/etc/group` si lazima iwe ndiyo orodha. Angalia `/etc/nsswitch.conf`, mstari unaoanza na `group:`. Kwangu umeandikwa `files systemd`, lakini mahali penye LDAP (orodha ya watumiaji inayokaa kwenye seva ya pamoja) utakuta `sss`, yaani huduma ya SSSD inayozungumza na LDAP, imeongezwa, na hapo makundi yanatoka kwenye seva nyingine kabisa. `getgrnam` inapita njia hiyo yote kwa niaba yako. fopen yako haijui kitu.

#7 kijana_gulu

Kale. Basi tuzunguke kwa `getgrent` tukusanye makundi yote, tuchuje wenyewe. Hiyo inapita nsswitch, sivyo?

#8 Ntinda_Usiku

Inapita, ila SSSD kwa kawaida imezimwa isitoe orodha nzima. Ukiuliza kundi kwa jina inakujibu, ukiomba yote inanyamaza. Utapata makundi ya kwenye faili tu na utadhani dunia imeishia hapo.

#9 Msafiri_Arua

Nimeelewa ugonjwa. Dawa ni ipi? Nisome `pw_gid` kwanza, nikishindwa ndipo nitembee kwenye `gr_mem`?

#10 Mama_Terminali

Hiyo inafanya kazi. Lakini maktaba ya C inayo `getgrouplist`, inayokupa makundi yote ya mtu, la msingi na ya ziada, katika orodha moja. Unalinganisha namba, majina huyagusi tena:

```c
#define _DEFAULT_SOURCE
#include <grp.h>
#include <pwd.h>
#include <stdlib.h>

/* 1 yumo, 0 hayumo, -1 hatukuweza kujua */
int yumo(const char *jina, const char *kundi)
{
    struct passwd *p = getpwnam(jina);
    if (p == NULL)
        return -1;
    gid_t msingi = p->pw_gid;

    struct group *g = getgrnam(kundi);
    if (g == NULL)
        return -1;
    gid_t lengo = g->gr_gid;

    int n = 32;
    gid_t *orodha = malloc(n * sizeof *orodha);
    if (orodha == NULL)
        return -1;

    while (getgrouplist(jina, msingi, orodha, &n) == -1) {
        gid_t *mpya = realloc(orodha, n * sizeof *mpya);
        if (mpya == NULL) {
            free(orodha);
            return -1;
        }
        orodha = mpya;
    }

    int jibu = 0;
    for (int i = 0; i < n; i++)
        if (orodha[i] == lengo) {
            jibu = 1;
            break;
        }
    free(orodha);
    return jibu;
}
```

Nafasi ikiwa ndogo, glibc (maktaba ya C ya Ubuntu) inarudisha -1 na kuandika ndani ya `n` idadi inayohitajika, ndiyo maana realloc inajua ipanue hadi wapi. Usitegemee hivyo kwenye macOS. Kule hata aina ya orodha ni `int`, si `gid_t`.

Na yule -1 wa mwisho msimchanganye na sifuri. "Hayumo" ni jibu. "LDAP haipatikani" si jibu. Mwenye kuita kazi hii asiandike `if (yumo(...))` tu, kwa sababu -1 kwa C ni kweli! Aandike `== 1`.

#11 Msafiri_Arua

Ubarikiwe dada. Ila kabla sijaweka ule mstari wa kwanza wa `_DEFAULT_SOURCE` (niliuona kama pambo), kompaila ililalamika kwamba `getgrouplist` haijatangazwa. Makefile ya hapa ina `-std=c11`.

#12 Mama_Terminali

Si pambo. `getgrouplist` ilitoka upande wa BSD, si ya POSIX (kiwango cha pamoja cha mifumo ya Unix), na `-std=c11` inaificha. Ukikaa juu kabisa kabla ya include yoyote, mstari huo unaifungua. Zamani gcc ilikuwa inalalamika na kuendelea. Tangu GCC 14 hilo ni kosa kamili, haikompaili. Vizuri tu.

#13 Mzee_wa_Jinja

Nimesoma kimya kimya tangu juu. Swali moja kwa Msafiri: hilo `jina` linalopelekwa kwenye `yumo` linatoka wapi?

#14 Msafiri_Arua

Shikamoo mzee. Linatoka hapa:

```c
const char *jina = getenv("USER");
```

#15 Ntinda_Usiku

Banange.

#16 Mzee_wa_Jinja

Marahaba. Nilihofia hivyo.

Mtu yeyote kwenye seva yako anaweza kuandika hivi:

```
USER=okello ./ripoti
```

na karatasi inatoka. Mazingira ya prosesi ni mali ya anayeiendesha, anaandika humo apendavyo. Ukitaka kumjua mtu, muulize keneli, kiini cha mfumo wa uendeshaji: `getuid()` inakupa namba yake, kisha `getpwuid` inakupa jina. Namba hiyo haighushiwi na mtu wa kawaida. Na usikimbilie `getlogin`, maana programu ikiendeshwa na cron (inayoanzisha kazi kwa saa zilizopangwa) haina terminali na `getlogin` inaweza kushindwa.

Lakini kuna jambo jingine, ambalo kwangu ni zito kuliko yote mliyojadili. Programu inasoma data kutoka wapi, na faili hilo lina ruhusa gani? Tuletee `ls -l`.

#17 Msafiri_Arua

```
-rw-r--r-- 1 root root 418204 /srv/mikopo/ripoti.csv
```

#18 kijana_gulu

Yaani yeyote anaweza kufanya `cat` na kusoma mikopo ya wanachama wote bila hata kuigusa programu.

#19 Mzee_wa_Jinja

Umeona kijana. Mlango una kufuli na ukuta haupo. Tunahangaika mtu aandike `gr_mem` au `getgrouplist`, na wakati huo faili liko wazi kwa kila mwenye akaunti.

Maoni yangu, na mnaweza kunipinga: programu ya kawaida isiyo na mamlaka ya ziada haina haja ya kukagua kundi. Keneli ipo, inakagua kila faili linapofunguliwa, na haikosei kuhusu kundi la msingi wala la ziada. Fanya hivi:

```
chgrp -R wahasibu /srv/mikopo
chmod 2750 /srv/mikopo
chmod 640 /srv/mikopo/ripoti.csv
```

Ile 2 ya mbele kwenye saraka inafanya faili jipya litakaloundwa humo lirithi kundi la `wahasibu`, ili kazi ya usiku inayotengeneza ripoti isikurudishe ulikotoka. Hakikisha pia kazi hiyo ina `umask 027`. Kisha ndani ya programu jaribu `fopen` tu. Ikishindwa na `errno` ni `EACCES`, ndipo useme "Huna ruhusa".

Ukaguzi wa mkono mwachie mwenye sababu: programu yenye setuid (inayokimbia kwa mamlaka ya mwenye faili lake, si ya anayeiendesha), au seva inayopokea maombi ya watu wengi huku yenyewe ni prosesi moja. Hao keneli haiwezi kuwatofautisha, lazima waulize wenyewe, na hapo msimbo wa Mama Terminali ndio sahihi.

#20 binti_wa_makerere

Samahani kuingilia. Naandika programu ya namna hiyo hiyo ya mzee, prosesi moja yenye nyuzi (threads) kadhaa, kwa ajili ya mradi wa mwaka wa mwisho. Hii inanishangaza:

```c
struct group *a = getgrnam("walimu");
struct group *b = getgrnam("wanafunzi");
printf("%s %s\n", a->gr_name, b->gr_name);
```

Inachapisha `wanafunzi wanafunzi`. Makundi yote mawili yapo.

#21 Mama_Terminali

Karibu mdogo wangu. `getgrnam` haikupi nakala yako. Inakuonyesha sehemu moja ya kumbukumbu inayomilikiwa na maktaba, na wito wa pili unaandika juu ya ule wa kwanza. `a` na `b` ni anwani moja. Ndiyo maana kule juu nilichukua `gr_gid` mara moja nikaihifadhi kwenye `lengo`, sikubaki nimeshika pointa. Na usijaribu kufanya `free` juu yake, si yako.

Kwenye nyuzi nyingi ni hatari zaidi: uzi mmoja unasoma huku mwingine unaandika juu. Tumia `getgrnam_r`, unayoipa bafa yako mwenyewe:

```c
struct group g, *matokeo;
int k = getgrnam_r("walimu", &g, bafa, ukubwa, &matokeo);
```

Majibu yake yako wazi kuliko ya ndugu yake. `k` ikiwa 0 na `matokeo` si NULL, kundi limepatikana. `k` ikiwa 0 na `matokeo` ni NULL, hakuna kundi kama hilo. `k` ikiwa `ERANGE`, bafa ni ndogo, ongeza mara mbili urudie. Kitu kingine chochote ni kosa la kweli. Kwa `getgrnam` ya kawaida unalazimika kuweka `errno = 0` kabla ya kuita, na hata hivyo mifumo haikubaliani iache nini humo kundi likikosekana.

Kuhusu ukubwa wa kuanzia, `sysconf(_SC_GETGR_R_SIZE_MAX)` inakupa pendekezo. Kwenye glibc ni 1024. Jina linasema MAX, lakini usiliamini: kundi lenye wanafunzi elfu mbili halitoshei humo, maana majina yote ya wanachama yanawekwa ndani ya bafa yako. Na mifumo mingine inarudisha -1, kwa hiyo usiipeleke moja kwa moja kwenye malloc.

#22 binti_wa_makerere

Asante sana dada. Kundi la `wanafunzi` kwetu ni kubwa kweli, sasa naelewa zile ERANGE nilizokuwa nazipuuza.

#23 Msafiri_Arua

Narudi. Nimefuata ya mzee, Nakato amechapisha, ameondoka anatabasamu. Lakini leo tumepata mhasibu mpya. Nimemwongeza `usermod -aG wahasibu opio`. `id opio` inaonyesha yumo. Msimbo wa Mama Terminali nao unasema yumo. Opio mwenyewe akifungua faili: "Permission denied". Tumerudi kulekule?

#24 Ntinda_Usiku

Hapana, hili ni jingine. Mwambie Opio aandike `id` bila jina.

#25 Msafiri_Arua

Kundi halipo! `id opio` lipo, `id` tupu halipo. Akaunti ni moja, terminali ni moja.

#26 Ntinda_Usiku

`id opio` inauliza kumbukumbu za mfumo: kwa maandishi, Opio ana makundi gani? Ndani yake ni kazi ile ile ya `getgrouplist`. `id` tupu inaiuliza prosesi: wewe umebeba makundi gani? Hiyo ni `getgroups`. Makundi yanabebeshwa prosesi wakati wa kuingia, kupitia `initgroups`, na watoto wake wote wanarithi. Ukibadilisha maandishi baadaye, prosesi zilizo hai hazipati habari. Na keneli ikikagua faili inatazama walichobeba, haisomi `/etc/group` hata siku moja.

Kwa C:

```c
int n = getgroups(0, NULL);          /* idadi tu */
gid_t *o = malloc((n + 1) * sizeof *o);
n = getgroups(n, o);
o[n++] = getegid();
```

Mstari wa mwisho ni kwa sababu POSIX haiahidi kwamba kundi linalotumika sasa litakuwemo kwenye orodha. Liongeze mwenyewe, likijirudia halidhuru.

Opio atoke na kuingia upya. Kama anatumia tmux (inayobakisha terminali hai hata ukiondoka), kufunga dirisha la SSH hakutoshi, seva ya tmux bado inaishi na makundi ya zamani. Aiue. Huduma za systemd nazo uziwashe upya. Ukitaka kuona prosesi yoyote imebeba nini, soma mstari wa `Groups:` ndani ya `/proc/PID/status`.

#27 Mzee_wa_Jinja

Na mshukuru Mungu uliandika `-aG`. Katika ofisi moja niliyowahi kuifanyia kazi, kijana wa mafunzo aliandika `-G` peke yake kwenye akaunti ya msimamizi. Bila ile `a`, makundi mengine yote ya ziada yanafutwa, sudo ikiwemo. Waligundua jioni, msimamizi alipotoka na kuingia tena.

#28 kijana_gulu

La mwisho kutoka kwangu. Nimejaribu msimbo wa Mama ndani ya kontena ya Alpine, makundi ya LDAP hayaonekani. Nikajaribu kuunganisha kwa `-static` kwenye Ubuntu, nikapewa onyo refu kuhusu `getgrnam`.

#29 Ntinda_Usiku

Alpine inatumia musl (maktaba nyingine ya C) badala ya glibc, na musl haisomi nsswitch.conf. Inasoma `/etc/group`, isipokuta inauliza nscd (huduma inayotunza majibu ya namna hii) kama ipo. Lile onyo la glibc ni la kweli: hata ukiunganisha kwa `-static`, wakati wa kukimbia inahitaji maktaba za glibc ya toleo lile lile ili ifikie LDAP. Kwa kazi hii acha `-static`.

#30 Msafiri_Arua

Opio ametoka, ameingia, amechapisha. Ukaguzi wa zamani nimeufuta wote. Kimebaki kitu kimoja: faili likikataa kufunguka nafanya `stat` juu ya saraka yake `/srv/mikopo` (faili lenyewe asiye kundini halifikii), nachukua `st_gid`, napita kwa `getgrgid` ili ujumbe useme "Faili hili ni la kundi la wahasibu, mwone msimamizi".

#31 Mzee_wa_Jinja

Vizuri. `getgrgid` ikirudisha NULL chapisha namba yenyewe, kama `ls -l` inavyofanya. Kundi likifutwa faili linabaki na namba bila jina.